Nimepaka maadili ukutani, mbona tabia ni zile zile?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu mkuu, huu ni mwaka wangu wa pili katika shule ya msingi ya kijijini mkoani Tanga. Wanafunzi ni 870, walimu tuko 13 nami nikiwemo. Nilipofika nilikuta matusi, wizi wa peni na madaftari, wakubwa wanawaonea wadogo, na walimu wanaoingia darasani na fimbo hata kwenye kipindi cha kusoma. Nikaamua tujenge utamaduni mpya. Tulichagua maadili sita, tukayapaka ukutani kwa rangi nzuri, na kila Ijumaa mstarini tunamtangaza mwanafunzi mwenye tabia njema na kumpa daftari na peni. Mwaka umekwisha na sioni tofauti. Walimu wananiambia bila fimbo watoto hawa hawaendi, na wazazi kwenye kamati wanawaunga mkono. Nimekosea wapi? Na haya maandishi ukutani, niyafute?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nimekaa na ujumbe wako siku mbili kabla ya kujibu, kwa sababu umenikumbusha ukuta wangu mwenyewe. Nilipopewa shule kwa mara ya kwanza, mkoani Singida, nami nilinunua rangi. Neno UAMINIFU niliagiza liandikwe kubwa kuliko mengine yote, nje ya ofisi ya walimu, kwa herufi za bluu. Ndani ya ofisi hiyo hiyo, mezani, kilikuwepo kitabu cha zamu. Siku moja mtoto wa darasa la sita aliingia kurudisha chaki. Kitabu kilikuwa wazi, na macho yake yakatua pale palipoandikwa kuwa vipindi vyote vya siku hiyo vimefundishwa. Yeye ndiyo kwanza anatoka darasani, na kipindi cha nne na cha tano hakuna mwalimu aliyekanyaga. Walishinda wakipiga kelele huku monita akiandika majina. Hakusema neno. Alikitazama kitabu, akanitazama mimi, akaweka chaki, akatoka. Siku ile alipata somo zima la uaminifu, na sisi ndio tuliolifundisha.

Kwa hiyo sitaanza na watoto wako. Nitaanza na wewe na hao walimu kumi na wawili.

Kabla hujabadilisha chochote, tumia siku tano kwa jambo moja. Fika mapema, simama getini, au pale ambapo geti lingekuwa kama shule haina uzio, ukiwa na daftari dogo. Usimwambie mtu unafanya nini. Hesabu shikamoo wanazotoa watoto kwa walimu, kisha hesabu marahaba zinazorudi. Nami nilihesabu. Mwalimu anashuka kwenye bodaboda, simu sikioni, watoto sita wanampokea: "Shikamoo mwalimu!" Anapita. Mwingine anajibu kwa kuinua kidevu. Wa tatu anajibu marahaba ya kwanza, tano zinaelea hewani. Mtoto wa darasa la kwanza aliyesalimu akapitwa kama mti hatakuja kukwambia limemuuma. Atakachojifunza ni kwamba heshima hutolewa na mdogo tu, na kwamba ukiwa mkubwa umesamehewa. Sasa mtafute mtoto huyo akiwa darasa la sita, amesimama bombani na ndoo, anamwambia wa darasa la pili asogee. Anafanya alichofundishwa.

Ukimaliza siku tano, waite walimu, wape hesabu bila kutaja jina hata moja. Usihubiri. Sema tu: wiki hii watoto walitoa salamu kadhaa, tukazijibu kadhaa. Kisha nyamaza. Kimya hicho kitakusaidia kuliko semina. Halafu omba jambo moja dogo: kwa mwezi mmoja, kila shikamoo ijibiwe, na anayeweza ataje na jina la mtoto. "Marahaba Zaina." Majina 870 hakuna anayeyajua yote, lakini kila mwalimu akiyajua 70 hakuna mtoto anayebaki bila mtu anayemjua.

Kwenye daftari hilo hilo, upande wa pili, andika wachelewaji na sababu zao. Hapa najua utakutana na desturi ambayo ipo karibu kila shule: aliyechelewa anapiga magoti, anachapwa viwili, anaingia darasani analia. Uliza kwanza. Utakuta mmoja alikwenda kisimani mara mbili kwa sababu mama ana mtoto mchanga. Mwingine amemwandaa mdogo wake wa awali, akamtembeza kwa mwendo wa miguu midogo kilomita tatu, wakafika wote wamechelewa. Mwingine, kweli, alikuwa anacheza njiani. Ukiwachapa wote watatu sawasawa umewaambia kuwa kwenye shule hii sababu haina maana, na yule aliyemtembeza mdogo wake amejifunza kwamba kesho amwache. Tena utakuwa umeadhibu uwajibikaji, neno ambalo bila shaka ni mojawapo ya yale sita uliyoyapaka.

Nikuambie sasa kwa nini naamini ukuta peke yake hauwezi. Miaka ya 1920 huko Marekani, watafiti wawili, Hugh Hartshorne na Mark May, waliwapima watoto zaidi ya 10,000 kwa mitego ya uaminifu: hapa wanaachiwa wajisahihishie mtihani, pale wanaachiwa hela, kwingine wanahesabu wenyewe alama zao za mchezo. Walitarajia kukuta watoto waaminifu upande mmoja na wadanganyifu upande mwingine. Waliyoyachapisha kati ya 1928 na 1930 yalikuwa tofauti: mtoto aliyedanganya kwenye mtihani mara nyingi hakugusa hela, na aliyegusa hela angeweza kucheza mchezo kwa haki. Mazingira yalikuwa na nguvu kuliko wengi walivyodhani. Wanasaikolojia wamebishana juu ya utafiti huo mpaka leo, lakini kwa mwalimu mkuu ni habari njema: tabia ya mtoto huwezi kuifungua ukaitengeneza, lakini mazingira ya shule yako unayo mkononi.

Habari nyingine si nzuri sana kwa wauzaji wa mabango. Mwaka 2010 serikali ya Marekani ilitoa matokeo ya tathmini kubwa ya programu saba za kujenga tabia katika shule za msingi. Zilikuwa na vitabu, vipindi na mafunzo ya walimu. Kwa wastani hazikuonyesha tofauti kwenye tabia za watoto. Sisemi vipindi vya maadili havina kazi. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili lipo kwenye mtaala na lifundishwe vizuri, kama lilivyopaswa kufundishwa Uraia na Maadili kabla yake. Nasema kwamba kipindi cha dakika arobaini hakishindani na siku nzima.

Zawadi zako za Ijumaa. Hapa nitakuwa mkali kidogo, nisamehe. Chukua orodha ya waliotangazwa mwaka mzima, kaa nayo peke yako. Wangapi ni watoto wa walimu, au viranja, au wale wenye soksi na sare isiyo na kiraka? Ningekuwa na dau ningeliweka kwamba ni zaidi ya nusu. Kwa Ijumaa kama arobaini umetangaza watoto arobaini, na wale 830 wamesimama juani wakipiga makofi. Mtoto aliyetumia wiki nzima kujizuia asimrudishie ngumi aliyemtukania mama yake, hakuna aliyemwona. Alichokifanya ni kikubwa kuliko cha yule mpole wa siku zote, na hakipatikani kwenye orodha.

Zaidi ya hapo, zawadi ina tabia ya kula kile inachokilipa. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake wawili walichapisha jaribio walilolifanya kwenye shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichukua watoto waliopenda kuchora wenyewe. Baadhi waliahidiwa cheti chenye utepe wakichora. Wengine hawakuahidiwa kitu. Wiki moja au mbili baadaye, vifaa vilipowekwa mezani bila ahadi yoyote, wale waliokuwa wameahidiwa cheti walitumia kwenye kuchora karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Mchezo ulikuwa umegeuka kazi ya malipo, na malipo yamekwisha. Ukimlipa mtoto peni kwa kuokota peni ya mwenzake, siku usiyokuwa na peni ataiweka mfukoni.

Sisi tulibadilisha Ijumaa yetu hivi. Hakuna zawadi. Mstarini watoto wawili au watatu wanaotaka wenyewe wanasimama na kusema walichokiona: "Nimemwona fulani amefanya hivi." Wiki ya kwanza ilikuwa vichekesho, kila mtu amemwona mwenzake akiokota karatasi. Wiki ya pili, karatasi tena. Nilikaribia kuacha. Wiki ya tano, msichana mmoja wa darasa la nne, sauti haisikiki vizuri, akasema amemwona mwalimu wao wa hisabati akimwomba radhi mvulana aliyesingiziwa kuiba rula. Uwanja ulinyamaza. Mwalimu yule alikuwa amesimama nyuma na kitabu chake, akainamisha kichwa. Tangu siku ile watoto walianza kuleta mambo yenyewe: aliyegawana kiporo chake, aliyemsindikiza mwenzake aliyeanguka kifafa, aliyesema "mimi ndiye niliyevunja" kabla hajaulizwa. Na walimu, bila kuambiwa, wakajua kwamba nao wanaonekana.

Sasa fimbo, maana najua ndiyo unayoisubiri.

Anza na sheria, kwa sababu inakulinda wewe. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni zilizotungwa mwaka 1979 na kurekebishwa mwaka 2002 haziruhusu kila mwalimu kutembea na fimbo. Anayeruhusiwa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Viboko visizidi vinne, kwa kosa kubwa, kwa kuzingatia umri na afya ya mtoto, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Hakuna mahali palipoandikwa kosa la hesabu, wala kuchelewa, wala kusahau daftari. Kwa hiyo fimbo zinazoingia kwenye vipindi vyako zinaingia kinyume cha kanuni, na kwa jina lako, kwa sababu wewe ndiye mwenye mamlaka hayo. Mwaka 2018 mkoani Kagera mwanafunzi wa darasa la tano alifariki baada ya kupigwa shuleni kwa tuhuma ya wizi wa pochi. Pochi yenyewe, ilikuja kuelezwa, hakuiba. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilimhukumu mwalimu mmoja kunyongwa. Kwenye kikao chako cha walimu taja tukio hilo, polepole, na usiongeze neno.

Lakini sheria haitoshi, kwa sababu mwalimu wako ana watoto 80 mbele yake wakati kiwango kinachotajwa ni 45, na ukimnyang'anya fimbo bila kumpa kitu umemwacha uchi. Hofu yake ni ya kweli. Jirani zetu wa Uganda wamelijaribu hili kwa kipimo. Shirika la Raising Voices lilitengeneza mwongozo uitwao Good School Toolkit, na kati ya mwaka 2012 na 2014 ukafanyiwa utafiti katika shule za msingi 42 za wilaya ya Luwero. Nusu ziliutumia, nusu zilisubiri. Baada ya miezi 18, waliosema wamepigwa na mfanyakazi wa shule ndani ya wiki iliyopita walikuwa asilimia 31 kwenye shule zilizoutumia, na karibu 49 kwenye zile zilizosubiri. Watoto walisema wanajisikia salama zaidi. Na alama za masomo? Tofauti haikuonekana. Yaani fimbo ilipopungua, ufaulu haukuanguka kama walimu wengi wanavyoogopa. Kumbuka pia kwamba asilimia 31 si sifuri. Hata walioandaliwa vizuri, mwaka mmoja na nusu haukuwatosha kuacha. Usitarajie muujiza kufikia Juni. Wakenya walipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na mwalimu yeyote wa kule atakwambia fimbo haikuondoka siku tangazo lilipotoka.

Unampa nini badala yake? Kwanza, taratibu zinazofundishwa kama somo. Tunawapigia watoto kelele kwa kutojua vitu ambavyo hatujawahi kuwafundisha: kuingia darasani bila kusukumana, kupitisha madaftari kutoka nyuma kwenda mbele, kunyamaza mwalimu akiinua mkono, kusubiri zamu bombani. Wiki mbili za mwanzo wa muhula, kila darasa lifanye mazoezi ya mambo haya matano sita tu, kwa kurudia, kama wanavyofanya mazoezi ya halaiki. Najua utaambiwa silabasi itachelewa. Darasa linalopoteza dakika tano za kila kipindi kwa vurugu za kugawa madaftari linapoteza zaidi ya wiki hizo mbili kabla ya likizo ya Juni.

Pili, adhabu inayofanana na kosa. Aliyechana daftari la mwenzake akae mchana amnakilie kurasa zilizochanika. Aliyeiba arudishe, kwa mkono wake, kwa aliyemwibia, mwalimu akiwepo na watu wengine wasiwepo. Mambo ya wizi usiyapeleke mstarini hata mara moja. Ukimsimamisha mtoto mbele ya shule nzima ukamwita mwizi, umempa jina, na katika kijiji jina hilo litamtangulia mpaka siku ya kuoa. Aliyetukana aombe radhi, na kama tusi amejifunza kutoka kwa mwalimu, jambo linalotokea zaidi ya tunavyokiri, basi mwalimu naye aombe radhi.

Kwenye kazi za adhabu kuwa mwangalifu. Kufyeka, kumwagilia maua, kuchota maji, kudeki: tumezigeuza zote kuwa mshahara wa makosa, halafu tunashangaa watoto wanazichukia. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulitaka mtoto aone kazi ni sehemu ya maisha yake. Hawezi kuiona hivyo kama anayeshika jembe ni yule tu aliyekamatwa. Kwenye shule yangu ya mwisho tuliweka ratiba ya usafi ambayo kila darasa lina eneo lake, walimu wakiwa na eneo lao pia, na nilihakikisha la kwangu linaonekana na kila anayepita. Ufagio wa chelewa mkononi mwa mwalimu mkuu saa moja asubuhi ni tangazo linalosomwa hata na asiyejua kusoma.

Uonevu sasa. Watoto hawaonewi mbele yako, wanaonewa mahali usipokwenda. Wape watoto wa darasa la tatu na la nne karatasi, wachore shule kama wanavyoiona, kisha wapake rangi nyekundu sehemu wanazoziogopa. Majina wasiandike. Mimi nilifikiri najua. Nilidhani ni uwanja wa mpira. Karatasi karibu zote zilikuja na wekundu kwenye njia ya nyuma ya vyoo na chini ya mkorosho mmoja ambako wakubwa walikuwa wakiwatoza wadogo hela za maandazi. Miaka minne nilikuwa napita mita hamsini kutoka pale. Baadhi ya tiba yake haikuwa na maadili yoyote ndani yake: tulihamishia meza ya mwalimu wa zamu chini ya mkorosho ule wakati wa mapumziko, basi.

Vyoo vitazame hivyo hivyo. Kiwango chetu ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kwa shule yako, kama wasichana ni nusu, ni matundu 22 yao na 18 ya wavulana, na nina shaka kama unayo hata nusu ya hayo. Foleni ndefu, mapumziko mafupi, mlango usiofungika: hapo ndipo mkubwa anamvuta mdogo nyuma ya mstari na msichana wa darasa la sita anaamua kutokunywa maji tangu asubuhi. Uungwana mgumu namna hiyo hata sisi watu wazima kwenye foleni ya daladala hatuuwezi. Kamati yako ikiuliza ianzie wapi kujenga nidhamu, ianzie hapo.

Viranja wako je, wana fimbo? Waondolee leo. Kiranja mwenye fimbo ni mwalimu mdogo asiye na mafunzo, na ndiye mwonevu wa kwanza shuleni ila tumempa cheo. Wape kazi za kuhudumia: wa maji, wa wageni, wa vitabu, wa wagonjwa. Kisha fanya jambo ambalo kwangu lilizaa kuliko yote: kila mwanafunzi wa madarasa mawili ya juu mpe mtoto mmoja wa awali au wa darasa la kwanza, awe kaka yake au dada yake wa shule. Kazi yake ni ndogo. Amjue jina, ampeleke chooni siku za kwanza, ampe zamu bombani, wakitoka watoke pamoja kama wanakwenda upande mmoja. Usimpe mtoto mpole tu. Mpe na yule mwonevu sugu, tena umchagulie mdogo anayelia sana. Mwanzoni nilimfuatilia mmoja wa namna hiyo kwa jicho la pembeni, nikiwa nimejiandaa kumnyang'anya. Wiki ya tatu nilimkuta amekaa kwenye msingi wa darasa anamfunga kamba za viatu mdogo wake wa shule huku akimfokea, "Si nilikwambia uvute hivi?" kwa sauti ile ile ya baba yake, ambaye namfahamu. Kufokea hakukwisha. Ila alikuwa anafunga kamba.

Wizi wa peni nisiuache. Mwingi wake si tabia, ni uhaba. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 madarasa yamejaa, na wamo watoto ambao peni ikiisha wino Jumanne, ya pili itakuja mnada ukifika. Weka kopo la peni za kuazima kwa kila darasa, monita aandike anayechukua na anayerudisha. Peni zako za zawadi zitatosha kuanzia. Zitapotea baadhi, hilo lihesabu kabisa. Weka na sanduku la vilivyookotwa mahali wanapopita, mtu achukue chake bila kuhojiwa kama polisi. Ukishafanya hivyo wizi utakaobaki ndio wizi kweli, na utakuwa wa watoto wachache ambao unaweza kukaa nao mmoja mmoja. Baadhi yao hawaibi kwa ajili yao wenyewe, na mazungumzo hayo yatakupeleka nyumbani kwao.

Wazazi wanaosema "mchape tu mwalimu, sisi mturudishie mifupa" usibishane nao kwenye mkutano. Hutawashinda, na pengine wanachokwambia kwa lugha hiyo ni kwamba wanakuamini. Waletee daftari lako la getini. Waambie: wiki hii watoto 23 walichelewa, kumi na mmoja walikuwa kisimani. Mkutano uliokuwa unajadili viboko utajikuta unajadili maji, na hapo mtendaji wa kijiji atalazimika kufumbua mdomo. Kwenu Tanga una bahati nyingine: wengi wa watoto hao jioni wako chuoni kwa ustadhi, na wengine Jumapili wako kwa katekista. Kaa nao. Mkikubaliana maneno mawili matatu tu ya kuwaambia watoto, kwa mfano jinsi ya kuomba radhi, mtoto atayasikia shuleni, kisha tena kwa ustadhi au katekista wake.

Na walimu wako uwatazame kama unavyotaka wawatazame watoto. Mwalimu aliyefokewa na mkuu wake mbele ya wanafunzi saa mbili, saa tatu atamfokea nani? Anayetembea kilomita sita kuja kazini na hakuna hata chai ya mapumziko, uvumilivu atautoa wapi? Nilikuwa na mwalimu mmoja, mkali kupita kiasi, ambaye fimbo yake ilipungua si kwa semina bali baada ya kumbadilishia ratiba asiwe na vipindi vitano mfululizo kwenye darasa la watoto 96. Hakuwahi kunishukuru. Fimbo ilibaki nyuma ya kabati mpaka mchwa wakaianza.

Usifanye haya yote kwa pamoja. Muhula wa kwanza: geti, marahaba, na fimbo za viranja. Zile taratibu za wiki mbili zinataka muhula unaoanza, kwa hiyo zisubiri Julai. Kaka na dada wa shule mwakani, darasa la kwanza jipya likiingia. Pima kwa kuhesabu vitu, si kwa kuuliza watu wanaonaje: wachelewaji wa wiki, peni zilizorudi kopo, majina kwenye kitabu cha adhabu. Hesabu ya kitabu hicho itapanda kwanza, usishtuke, maana zamani hawakuwa wanaandika.

Maandishi ukutani yaache, hayamdhuru mtu. Ila kama kuna rangi iliyobaki, hata nusu ndoo, ipake milango ya vyoo vya wasichana, na kabla ya kupaka mwite fundi aweke komeo kwa ndani.